Mfupa wa Mwandawiro

Werugha,
6 Februari 1955

Ndugu yangu Hudson,

Natumai Mombasa haijakuyeyusha. Huku ukungu umekaa mlimani hata nguo hazikauki, na ng'ombe wa Mama amezaa ndama dume, kwa hiyo Mama anamtazama kama mtu aliyemkosea. Nyanya anakusalimu. Anasema mahali ambapo watu hulala bila blanketi si pa kuishi binadamu. Gertrude, binti ya Baba Mdogo, bado anateremsha kabichi zetu hadi stesheni ya Voi na bado anagombana na kila mchukuzi.

Sasa jambo lenyewe. Keti kwanza. Mama anaolewa.

Basi, nimelisema. Mwanamume ni Mzee Timotheo wa Njukini, yule wa mahindi na maharagwe, aliyefiwa na mkewe. Alikuja kwa Nyanya mara ya kwanza akafukuzwa, akaja tena akapewa kigoda, akaja tena akapewa chai. Mama mwenyewe alikataa, kisha akanyamaza, kisha akaanza kujipaka mafuta siku za gulio. Huu ni mwaka wa nne tangu tumzike Baba, na kasisi ameridhika. Itatangazwa kanisani Jumapili tatu za mwezi wa Juni, na harusi ni tarehe mbili Julai. Wewe ndiwe mwanamume wa nyumba hii, lazima uje usimame naye.

Mimi sikumpenda huyo mzee mpaka nilipomwona siku moja yuko kaburini kwa Baba, kwenye migomba. Alikuwa amevua kofia, anang'oa magugu, na anazungumza. Anamwomba Baba ruhusa! Hudson, nilienda kulilia jikoni. Na Mama siku hizi anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Gertrude alipopanda mlima na kile kitambaa cha msiba wa Baba.

Andika. Umepata kazi, au unazungukazunguka tu?

Dada yako,
Elsie


Mombasa,
27 Februari 1955

Dada Elsie,

Mimi ni mzima, ila ngozi ya shingo imebabuka kwa jua. Mpe Mama pole kwa lile la ndama na hongera kwa lile lingine. Nilipoisoma barua yako nilicheka peke yangu hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Mwambie Mzee Timotheo nitakuja, na nitavaa tai.

Kazi nimepata. Ni banda la kamba karibu na bandari. Tunasuka na kuunga kamba za majahazi na za matishali, na katani yenyewe inatoka huko kwetu. Nilipoyaona marobota kutoka Mwatate nilitaka kuyasalimu kwa Kidawida chetu. Fundi wangu ni Mzee Musyimi, Mkamba mwenye vidole kama mizizi. Hasemi jambo mara mbili. Amenionyesha sindano za kushonea tanga, kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani ili sindano isikutoboe, nyundo ya mbao ya kukazia uzi juu ya kamba, na pembe ya ng'ombe iliyojaa mafuta. Siku ya kwanza akaniambia, "Kijana, nipe mfupa." Nikaenda kwa mama anayetupikia, nikarudi na goti la ng'ombe lenye nyama. Banda zima likaangua kicheko. Jina langu hapa sasa ni Supu.

Kumbe mfupa ni chombo chao. Ukitaka kuunga kamba mbili, unafumua ncha, halafu unachomeka mfupa katikati ya nyuzi za kamba ili zipishane, ndipo unapenyeza nyuzi za ile nyingine. Bila mfupa utazing'ata kwa meno mpaka uzeeke. Wengi wanatumia wa mti mgumu, lakini mafundi wakubwa wana wa nyangumi. Ni mweupe, unatoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, mnene upande mmoja, umechongoka upande wa pili.

Niliposhika wa Mzee Musyimi nilikuwa bado nacheka pamoja nao. Kisha nikaacha kucheka. Elsie, mimi nilikuwa mtoto wa shule siku ile tulipomzika Baba, lakini niliuona kabla Nyanya hajaufunika. Ni huu. Ni huu huu.

Sijui ninasema nini. Tafadhali niambie nimekosea.

Nduguyo,
Hudson


Werugha,
13 Machi 1955

Hudson,

Sisi ni wazima. Nyanya ana kikohozi. Mama ameanza kushona gauni lake, rangi ya samli.

Sikutaka kukujibu kabisa. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama njiani, nikajikuta nimeketi kwenye majani yenye umande. Unajua unachokisema? Gertrude alikuwa Voi na kabichi zake, treni ya Nairobi ikasimama, baharia wa pwani akachungulia dirishani akiuliza nani anatoka Werugha. Akamkabidhi kile kitambaa chenye mfupa na kumwambia kwa mdomo wake, "Mwandawiro ametangulia. Mfupa wake huu, utunzeni sana." Treni ikaondoka. Gertrude akaanguka pale pale, na kabichi zikabingirika hadi relini. Wewe ungeelewa vipi? Sisi tulijua tu kwamba Baba anafanya kazi kwenye majahazi, vifaa vyake hatukuwahi kuviona. Mtu akikuambia baba yako ametangulia, unamuuliza ametangulia wapi?

Nyanya ndiye aliyeuosha. Ni mama yake aliyemzaa! Alisema ni mfupa wa mkono, kwa kuwa Baba alikuwa na mikono mirefu, na ule uchongofu ni samaki waliomla. Fundi akatengeneza jeneza dogo kama la mtoto mchanga. Kasisi akasoma. Mama akanyoa nywele. Nilimshika nisimwachilie, kwa sababu alitaka kuingia shimoni na jeneza lile. Leo unataka nimwambie kwamba alililia kifaa cha kazi?

Usimwandikie yeye neno hata moja juu ya jambo hili. Acha aolewe. Endelea na kamba zako.

Elsie

Nimefungua bahasha tena. Upande ule mnene palikuwa na tundu, na tunduni palikuwa na kijikamba kilichosukwa vizuri. Nyanya alisema ndicho walichomfungia. Tulikikata tukakitupa motoni. Hiyo mifupa yenu ina matundu?


Mombasa,
3 Aprili 1955

Dada yangu,

Pole kwa Nyanya, mchemshieni majani ya mkaratusi. Mimi sili vizuri.

Ina matundu. Fundi hupitisha kijikamba hapo ajifunge kifundoni, ili mfupa usimponyoke akiwa juu ya mlingoti ukamwue mtu chini.

Nilikaa na barua yako mfukoni siku nyingi. Mwishowe nikamuuliza Mzee Musyimi kama aliwahi kumjua Mtaita anayeitwa Mwandawiro. Akasema, "Mwandawiro wa Werugha? Nilikaa naye benchi moja." Nikamwambia ni baba yangu, na tulimzika mwaka wa hamsini na moja. Aliweka kamba chini. Akasema polepole, "Kijana, mwaka juzi alipita hapa kuchukua marobota. Tulikunywa kahawa pamoja."

Elsie, niliona banda linazunguka. Walinimwagia maji.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka ule jahazi moja lilikuwa linatengenezwa upya kule Tanga, wakahitaji mtu wa kamba haraka. Baba akaondoka mbele ya wenzake. Aliogopa mfupa wake utaibiwa huko ugenini, na alikuwa na mwingine wa mti, kwa hiyo akampa baharia aliyekuwa anakwenda bara auteremshe Voi ukatunzwe nyumbani. Yule baharia alisema kweli tupu. Mwandawiro alikuwa ametangulia Tanga. Na mfupa ulikuwa wake. Watu wa hapa husema mtu "ametangulia" hata akienda msalani.

Baba yetu yuko hai. Nimeandika maneno haya na bado siyaamini. Nifanye nini?

Hudson


Werugha,
1 Mei 1955

Hudson,

Umesubiri sana, najua. Nilianza barua nyingi nikazichana.

Hapa hapana jipya. Mvua ni nzuri. Mzee Timotheo alileta gunia la maharagwe kutoka Njukini, akakaa jikoni akimchambulia Mama, mtu mzima na mvi zake, na wote wawili wakicheka kama wanafunzi. Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kumtazama yeyote usoni. Gauni limebaki mikono tu.

Nimemchukia Baba, nakwambia wazi. Kwanza niliruka kwa furaha nyuma ya zizi la ng'ombe, nikaziba mdomo kwa kanga nisipige kelele. Halafu nikajiuliza. Kama aliweza kufika Mombasa mwaka juzi akanywa kahawa, Voi iko mbali gani? Hajui kuandika, sawa. Zamani alikuwa akituma salamu kwa kila msafiri. Hizo salamu ziliishia wapi?

Sijamwambia Mama na sitamwambia kwa habari ya benchi. Maneno ya watu ndiyo yaliyotufanya tuzike mfupa. Nenda Tanga. Mwone kwa macho, mguse. Ukimkosa, tunyamaze milele na Mama aolewe kwa amani. Ukimpata, Mungu atusaidie, maana hapo mwenye kuchagua si mimi tena wala si wewe.

Fanya haraka. Matangazo ya kwanza ni tarehe tano Juni.

Elsie


Tanga,
8 Juni 1955

Dada Elsie,

Nimefika kwa basi, mavumbi mpaka kwenye meno. Natumai Nyanya amepona.

Nimempata.

Alikuwa ameketi juu ya boriti kwenye uwanja wa kutengenezea majahazi, amefunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu, anaikaza. Nilimjua kwa mikono. Ana mvi. Nilisimama mbele yake nikasema, "Baba, mimi ni Hudson." Kamba ikamtoka. Hakuinuka. Akaniuliza kwa Kidawida, "Umetumwa na nani kwa mtu aliyezikwa?"

Kumbe anajua! Anajua yote tangu mwanzo. Hakuwa amemaliza hata miezi miwili Tanga alipokutana na mkata mkonge mmoja kutoka Mwatate. Yule mtu alipomwona alipiga yowe akakimbia. Walipomshika akaeleza: kwenu wamekuzika, kwa jeneza, kasisi amesoma, mkeo amenyoa. Mfupa hakuutaja, kwa sababu hakujua jenezani mna nini. Baba akaelewa jambo moja tu, kwamba sisi tumemzika yeye akiwa mzima, kwa makusudi, ili tumfute. Nani huzika jeneza tupu kama si kumwapiza mtu afe? Ndivyo alivyosema. Mwaka huo wote alilala akisubiri kufa.

Nikamweleza. Nilipofika kwenye samaki kumtafuna mkono, aliinua mkono wake mwenyewe akautazama. Kisha akasema, "Mfupa wangu?" Akarudia, "Mfupa wangu wa kazi?" Wenzake walikuja kumwinua.

Sasa kazi ngumu. Anasema hawezi kurudi. Anasema mtu mwenye kaburi kwake atapitaje kando ya kaburi hilo kwenda kula chakula? Na nilipomwambia kuhusu Mzee Timotheo akasema, "Mwacheni aolewe. Mimi nimeshazoea." Hajazoea, Elsie. Usiku mmoja tu nimelala chumbani mwake na nimesikia.

Mwambie Mama. Ni haki yake.

Hudson


Werugha,
20 Juni 1955

Hudson,

Nyanya yuko kitandani lakini si kikohozi. Utaelewa.

Barua yako aliniletea Gertrude Jumamosi. Jana asubuhi Mama alikuwa anafunga kilemba kwenda kanisani kusikia tangazo la tatu, nami nikamwambia yote hapo hapo, kwa haraka, kama mtu anayetapika. Alimaliza kufunga kilemba, akajitazama kiooni, akatoka. Nilidhani hakunisikia. Nilimfuata nyuma mlima mzima naye hakugeuka.

Kasisi akasoma majina: Timotheo wa Njukini na Dinah wa Werugha, mjane. Akasema kama kuna mtu anayejua kizuizi, aseme. Unajua jinsi anavyosema hivyo huku ameshafunua ukurasa unaofuata. Mama akainuka.

"Ninakijua mimi."

Kasisi akatabasamu. "Mama Elsie, wewe ndiwe bibi harusi."

"Ndiyo. Na mimi si mjane. Mwandawiro yuko Tanga, anasuka kamba."

Hudson, kanisa lilitulia hata nikasikia mbuzi nje. Kisha Nyanya akapiga ukunga ambao sijawahi kuusikia, akaanguka juu ya Mable wa kwaya, na benchi lao likapinduka. Watu wengine walikimbilia mlangoni, kana kwamba Baba anaingia. Kasisi alishikilia mimbari kwa mikono miwili. Ni yeye aliyemzika. Mzee Timotheo aliketi vile vile, kofia magotini, akiizungusha tu. Nilimhurumia sana.

Mama angeweza kunyamaza, na mimi nilitaka anyamaze. Nilimwambia hivyo njiani tukirudi, nikamfokea kabisa. Akanijibu, "Sijasema ninarudi kwake. Nimesema yuko hai. Siwezi kuolewa juu ya mtu anayepumua."

Alipofika nyumbani alichukua jembe akaenda kwenye migomba akiwa na nguo za kanisani. Alilifukua kaburi mwenyewe. Hakuna mwanamume aliyethubutu kumsaidia, isipokuwa mmoja. Ndiyo, huyo huyo. Alivua koti akachimba upande wa pili. Jeneza limeoza, mfupa upo, umekuwa rangi ya chai. Mama aliuosha, akachungulia lile tundu kwa muda mrefu. Halafu akacheka. Halafu akalia. Mzee Timotheo akamwambia, "Dinah, treni ya Taveta inaondoka Voi Alhamisi. Itakupeleka hadi njia ya Tanga. Tutasafiri pamoja mpaka Taveta kwetu, usiwe peke yako." Mtu kama huyo unamwambia nini? Kaburi nimelifukia na kupanda mgomba.

Nilikuwa nimeandika hapa "Mama ametangulia" nikakata, unaona wino. Mama ameteremka Voi kuisubiri treni ya Alhamisi. Anapumua. Amekula viazi na maziwa kabla ya kuondoka. Kaeni stesheni.

Elsie


Tanga,
30 Juni 1955

Dada Elsie,

Salamu zote baadaye. Nakuandikia upesi kabla hawajaniita.

Mama alishuka amekumbatia kitambaa. Baba alikuwa amejificha nyuma ya nguzo, nilimvuta kwa shati. Walitazamana. Nilidhani atalia au atampiga. Baba ndiye aliyeanza, na akaanza vibaya. "Dinah, mlinizika."

Mama akasema, "Tulikuzika tukakulilia. Wewe ulijua mimi ni hai, ukanizika bila hata kunililia."

Elsie, sijawahi kumwona mwanamume akivunjika vile. Aliketi chini, pale pale kwenye mizigo ya watu, na akalia kwa sauti, wachukuzi wakatuzunguka wakiuliza nani amekufa. Mama alimwacha alie. Hakumbembeleza. Alipochoka akafungua kitambaa akamwekea mfupa magotini, akasema, "Haya. Niliutunza kama nilivyoagizwa."

Baba aliugeuzageuza. Ncha imeliwa kidogo na udongo. Akatoa kipande cha kamba mfukoni, unajua hakosi, akachomeka, nyuzi zikaachana. Akasema bado unafaa. Mama akasema hilo la mfupa ameliona, sasa anaangalia kama mwenye mfupa bado anafaa.

Siku nne walikaa nje ya chumba wakizungumza, nami nikitumwa sigara na maji ili nisisikie. Sijui walisemezana nini na hawataki kusema. Leo Mama amefunga mizigo, wa kwake na wa Baba. Taveta tutapita. Baba anataka kushuka amshukuru Mzee Timotheo kwa kulitunza kaburi. Mama amemwambia akae kwenye kiti chake. Atakayeshuka ni yeye, na atashuka peke yake.

Mwandae Nyanya polepole. Mwambie kasisi pia. Na Gertrude akitukuta hapo Voi asianguke tena, kabichi ni za watu. Weka maji ya chai. Tunakuja, Dada, na hakuna aliyetangulia: wote watatu tumo behewa moja.

Hudson